Chujio la Wifi na Betri Inayopumua

11 Januari

Kaka Nyundo,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na masikio yako, yale yaliyobaki. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta, na mlango usiofungika mpaka uuinue kwa goti. Kila nikiuinua nakukumbuka, maana wewe ungeshaung'oa na kuukata upya siku ya kwanza.

Uliniuliza ninafanya nini hasa huku maabara, kwa kuwa watu wanakuuliza na umechoka kuwajibu "mambo ya betri". Haya, keti. Betri ya simu imefungwa, kila inachohitaji kimo ndani yake. Betri yetu sisi inapumua. Upande mmoja una lithiamu, upande wa pili una wavu mdogo wa chuma unaopitisha oksijeni. Betri ikitoa umeme, lithiamu na oksijeni vinashikana na kuacha utando mweupe juu ya wavu, kama ukoko chini ya sufuria. Ukiichaji, ukoko ule unatakiwa utoke wote. Hautoki. Unabaki leo kidogo, kesho kidogo, mpaka betri inakosa pumzi na kufa. Zangu zinakufa zikifika mizunguko thelathini, yaani kutumika na kuchajiwa mara thelathini tu.

Kinachosaidia ukoko kutoka kinaitwa kichocheo. Mfikirie mshenga: anashughulikia ndoa za watu na mwenyewe haoi. Shida ni kwamba washenga hodari wote ni madini ghali, kama rutheni. Mimi natafuta mshenga wa bei ya chini, chuma, nikeli au manganisi, mtu wa kawaida kama sisi. Meza ya pili yupo mwenzangu tunayemwita Bwana Ghali. Yeye anatumia rutheni, betri zake zinafika mizunguko mia na themanini, na kila asubuhi ananiuliza wagonjwa wangu wameamkaje.

Kwa sasa hata wagonjwa sina. Wavu umekwisha, na tuliouagiza utachukua miezi mitatu. Nashinda naosha vyombo vya kioo. Msalimie sana wifi.

Mdogo wako,
Kitinda

2 Februari

Kitinda wetu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili kwa sauti, na wifi yako akaniambia nipunguze, mtaa mzima umeshajua habari za mshenga. Hatujambo. Jino langu la nyuma limeng'olewa na daktari ambaye mikono yake ni midogo kuliko ya mtoto. Nimemaliza geti la shule, lile la futi kumi, na halikwaruzi chini hata kidogo.

Humu kwenye bahasha kuna kipande cha wavu, chuma kisichoshika kutu, matundu madogo sana, ukubwa wa kiganja. Kitumie. Nilipokulea hapa nyumbani nilikusaidia hesabu mpaka darasa la sita, baada ya hapo ukanipita na nikabaki kukuchongea rula. Sasa angalau kuna kitu ninachokijua ambacho unakihitaji. Usiniulize maswali, karakana ina vyuma vya kila namna na mimi si karani wa vyuma.

Wifi yako hajambo, ila amenuna siku tatu hizi. Kuna kitu kidogo cha jikoni hakionekani. Mimi sijui lolote.

Kaka yako,
Nyundo

19 Machi

Kaka,

Salamu baadaye, nisamehe. Wavu wako!

Nilikata vipande sita vya duara, ukubwa wa sarafu. Nikaviweka kwenye betri tano bila kupaka chochote, nijaribu tu mashine, na kimoja nikakitunza. Nilitegemea zife siku ya pili. Hazikufa. Jana zimevuka mizunguko mia mbili na kumi na nne, zote tano, na zinapumua vizuri tu. Bwana Ghali alikuja, akatazama namba, akarudi kwenye kiti chake bila kuniuliza hali ya mgonjwa yeyote.

Sasa nisikilize vizuri. Profesa anayenisimamia amefurahi, lakini amesema jambo lililotokea kwenye wavu mmoja halijatokea. Tarehe ishirini Septemba watakuja watu watatu kuamua kazi ipi iendelee na ipi ifungwe. Nikishindwa kutengeneza wavu mwingine kama huu, meza yangu anapewa Bwana Ghali, na mimi narudi nyumbani na miaka minne ya kuosha vyombo.

Kwa hiyo niambie: wavu ule ulitoka wapi? Ulipakwa nini? Ulikuwa sehemu ya kitu gani? Kila kitu, hata kama unaona ni upuuzi.

Pole kwa jino. Wifi amekipata kitu chake?

Kitinda

14 Aprili

Kitinda,

Hongera sana! Nilirukaruka karakanani mpaka nikagonga kichwa kwenye mlango wa mteja. Sisi wazima. Pengo la jino limepona, nimeanza kutafuna upande ule. Mvua imenyesha wiki nzima na bati la karakana linavuja mahali pawili, aibu kubwa kwa mtu wa kazi yangu. Geti la shule limesifiwa. Mwalimu mkuu alilifungua na kulifunga mara saba.

Hapa nyumbani mambo si mazuri. Wifi yako amegombana na fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, rafiki yake wa miaka ishirini na miwili. Ugomvi ni wa chujio la chai. La wifi yako limepotea, na alipokwenda kwa jirani akakuta linalofanana nalo linaning'inia pale. La jirani linang'aa na la kwetu lilikuwa jeusi, lakini anasema jirani amelisugua makusudi ili lisijulikane. Nilimkumbusha kwamba waliyanunua pamoja, kwa mchuuzi mmoja, wiki ile tulipohamia hapa. Akaniuliza nimeanza lini kazi ya uwakili.

Nimemnunulia jipya. Amelitumia mara moja na kuniambia chai imetoka kama maji ya kuoshea miguu.

Kuhusu wavu, ni wavu wa kawaida tu.

Nyundo

5 Mei

Kaka Nyundo,

Nimefurahi kusikia habari za jino, za bati na za geti. Umeandika kurasa mbili, na jibu la swali langu ni sentensi moja ambayo haina kitu ndani.

Wavu wa kawaida umefika, ule tuliouagiza. Umekufa kwenye mzunguko wa ishirini na saba. Kile kipande chako cha sita nimekipeleka kwenye mashine inayoonyesha chuma kimepakwa nini. Juu yake kuna ngozi nyembamba ya manganisi, safi na imeshika kila mahali, mpaka kwenye kona za matundu. Profesa aliniuliza nimenunua wapi. Nilisema kwa kaka yangu. Akaniuliza kama kaka yangu ana maabara. Nikasema ana karakana na masikio mabovu.

Nimejaribu kupaka manganisi mwenyewe kwa njia nne. Inabanduka yote. Ya kwako haibanduki. Huyu ndiye mshenga niliyemtafuta miaka minne, kaka, na wewe unajua anakoishi.

Kama kuna mteja umemchukulia chuma chake, sitamwambia mtu. Nakuomba.

Kitinda

30 Mei

Kitinda,

Hatujambo. Kuna joto. Geti bado zima.

Sijamwibia mteja, na nimeumia kidogo kwamba umewaza hivyo. Wavu ulipita karakanani, hilo ni kweli tupu. Mengine siyakumbuki vizuri, umri nao unakwenda.

Jirani alikuja wiki iliyopita kutaka wapatane. Wifi yako alimkaribisha, akamwekea kiti, akamuuliza kwa upole sana, "Na chujio langu, dada, litarudi lini?" Jirani akaondoka bila kuaga. Tangu hapo gauni la wifi yako la harusi ya binamu limekaa kwa jirani bila mikono, na hakuna anayekwenda kulichukua. Mimi nala chakula changu kimya na kurudi kazini. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii namna hii.

Nyundo

12 Juni

Kaka,

Ni chujio.

Kitinda

1 Julai

Mdogo wangu,

Sina salamu. Ndiyo.

Barua yako ya Januari ilinikuta sina wavu wa matundu madogo, mimi nina wa kuzuia kuku tu. Uliandika kwamba unashinda kuosha vyombo. Sikupata usingizi. Asubuhi nikaingia jikoni kutia maji kwenye chupa, nikaliona limening'inia, nikasema nitalikata sasa na kununua jingine kabla hajaamka. Sikujua kama kuna mwanamke duniani anayeangalia chujio lake kabla ya kunawa uso.

Lilikuwa linanuka chai. Nikaogopa ungelitambua kwa harufu, umekunywa chai yake tangu ukiwa na miaka tisa. Kwa hiyo nililitia motoni kuliunguza harufu, tena si mara moja. Nililipasha mpaka likafika rangi ya nyanya inayoanza kuiva, nikalishikilia hapo kwa pumzi arobaini, nikaliacha lipoe lenyewe. Mara tatu. Kwa hiyo kama nimeharibu, niambie, na kama nimetengeneza, sikukusudia.

Nakuomba kitu kimoja. Wifi yako asijue. Ameshamwita jirani mwizi mbele ya watu. Akijua kwamba mwizi analala upande wa ukutani wa kitanda chake, sijui nitakaa wapi.

Nyundo

13 Julai

Kaka yangu mpendwa na mwizi,

Nimecheka mpaka mwenye nyumba amegonga ukuta. Kisha nimekaa chini nikafikiria, na sasa sicheki.

Chai ina manganisi nyingi, Kaka. Majani ya chai yanaivuta kutoka ardhini. Miaka ishirini na miwili chai ilipita kwenye wavu ule kila siku, ikaacha tabaka juu ya tabaka, halafu wewe, katika kuficha ushahidi, ukaichoma ikashikana na chuma. Hakuna mtu mwenye akili zake angebuni njia hiyo.

Lakini siwezi kuwaambia wale watu watatu kwamba kaka yangu alipumua mara arobaini. Rangi ya nyanya yako nitaigeuza kuwa namba, hilo naliweza. Ninachokosa ni upande wa wifi: alilichemsha ndani ya chai au alipitisha tu? Aliliosha kwa kitu gani? Nakumbuka nililisugua kwa mchanga nikiwa darasa la nne, nikapigwa kwa mwiko, lakini sikuwahi kuuliza sababu. Na ninahitaji chujio la jirani. Ni wavu uleule, wa siku ileile, lakini linasuguliwa kila siku. Likifa mapema, nitakuwa nimethibitisha kwamba kazi inafanywa na chai, si na chuma.

Kwa hiyo lazima umwambie wifi, na wifi lazima amwombe msamaha jirani, na jirani lazima atoe chujio lake likakatwe. Najua ninachokuomba. Usipomwambia mpaka tarehe moja Agosti nitampigia simu, maana yeye anasikia.

Naogopa kurudi nyumbani mikono mitupu, Kaka. Nimekuandikia wazi ili usiseme hukujua.

Kitinda

29 Julai

Kitinda,

Nimemwambia. Bado niko hai, na barua hii naiandika karakanani, ambako nimehamia kwa muda.

Nilichagua saa nne asubuhi, akiwa ameshakunywa chai. Nilianza na habari za lithiamu. Akaniambia nifike kwenye neno lenyewe. Nikafika. Akaanza kusema, na mimi sikumsikia kwa sababu alisema kwa sauti ya chini, ile ya hatari. Nikamwambia arudie. Akapandisha. Nikamwambia sijapata mwisho wake. Basi akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliipata yote: "WEWE NDIYE ULIYEKATA CHUJIO LANGU NA MIMI NIKAMWITA MWENZANGU MWIZI MIEZI SITA!"

Ukuta wetu ni mmoja, unaujua. Upande wa pili cherehani ilinyamaza.

Hatukusikia hodi. Jirani alisimama mlangoni na chujio lake mkononi. Wifi yako, ambaye hajawahi kumwomba mtu radhi tangu nimwoe, mimi nikiwemo, alimsogelea. Alilia. Jirani naye akalia. Walishikana hapohapo na mimi nikabaki nimesimama na kikombe. Jirani alipomaliza akaniuliza, "Shemeji, wanalitaka hili pia?" Nikasema ndiyo, wanalikata. Akalitazama, akalitazama, akasema yeye ndiye aliyemshonea mtoto yule sare za shule, lichukuliwe tu. Limo humu.

Wifi yako ameniamuru niandike hivi, na amesimama nyuma yangu kuhakikisha: chujio lilikaa ndani ya sufuria, chai ikichemka humohumo. Likishatoka linasuuzwa kwa maji matupu na kuanikwa juani mpaka likauke kabisa. Sabuni marufuku, mchanga marufuku. Sababu ni kwamba mama yetu, Mungu amrehemu, alimwita mchafu kwa ajili ya chujio lile mwezi wa kwanza wa ndoa, naye akaapa hataligusa kwa sabuni mpaka afe yeye au chujio. Hilo la mama sikulijua. Nimelijua leo, baada ya miaka ishirini na miwili.

Hawa wawili sasa wanakunywa chai pamoja kila siku. Hakuna anayezungumza na mimi.

Nyundo

25 Septemba

Kaka, Wifi, na Jirani, someni pamoja,

Natumaini wote wazima na kwamba kaka amerudi kulala ndani.

Chujio la Jirani lilikufa mzunguko wa thelathini na moja. Namshukuru kwa moyo wote, sijawahi kufurahia kifo namna ile. Wakati huohuo nilichemsha chai. Wiki mbili mfululizo, Kaka, sufuria kumi na mbili kwa siku, kuchemsha, kusuuza kwa maji matupu, kukausha, kisha motoni mara tatu kwa rangi ya nyanya. Maabara ilinuka kama hoteli. Bwana Ghali alianza kuja na kikombe chake. Tarehe thelathini Agosti nikafunga betri nane na kuzianzisha, na kila mzunguko unachukua saa mbili, kwa hiyo nilichoweza kufanya ni kungoja.

Watu watatu walipoingia tarehe ishirini, zilikuwa zimevuka mia mbili na arobaini. Nane zote. Karatasi niliiweka mezani, nikasema kwa kichwa tu. Niliwaeleza kila kitu, mpaka mwiko. Yule mzee zaidi alivua miwani akaifuta muda mrefu, sijui alikuwa anacheka au vipi. Wakatoka, wakarudi, wakasema meza ni yangu kwa miaka mitatu mingine. Usidhani kesho magari yatatembea kwa chai; betri zangu bado ni ndogo kama kifungo, na kazi iliyobaki ni kubwa. Lakini iko, na ni yangu. Nilikwenda kwenye korido nikalia kama mtoto.

Jambo moja. Tunaandika makala, na Profesa anasema aliyetayarisha wavu wa kwanza lazima jina lake liwemo, pamoja na yetu. Niandikie jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, si Nyundo.

Kitinda

16 Oktoba

Mdogo wangu,

Tumesoma pamoja, kama ulivyoagiza, mimi nikisoma na wao wakinisahihisha. Wote wazima. Gauni la harusi limepata mikono. Nimerudi ndani tangu wiki iliyopita, ingawa chai natiliwa ya mwisho. Nilikuwa nataka kukuambia jinsi nilivyojisikia niliposoma kwamba hurudi mikono mitupu, lakini nilitoka nje kwanza, na niliporudi nikawa nimesahau maneno. Nimefurahi, Kitinda. Nimefurahi sana.

Kuhusu jina. Nililiandika langu kwenye karatasi, nikalitazama siku nzima pale karakanani, nikalichana. Mimi nilikata kwa mkasi dakika moja na kuchoma kwa hofu dakika kumi. Aliyefanya kazi ni yeye, kila asubuhi, miaka ishirini na miwili, huku sisi wote tukimwambia aliondoe lile tabaka. Andika jina lake.

Nilipomwambia aliacha kumenya viazi. Aliuliza kama makala hiyo inasomwa na watu wengi. Nikasema watu wachache, lakini wa dunia nzima. Akaendelea kumenya. Baadaye nikamuuliza liandikwe lipi, la kwangu analotumia sasa au la kwao. Hakufikiria hata kidogo. Akasema la kwao.

Nimeliandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa, na yeye amelikagua mara mbili. Wasilikosee.

Kaka yako,
Nyundo